Ardhi Haina Kadi ya Chama



Leo sizungumzii tume ya uchaguzi. Nazungumzia udongo. Msikimbie, ni siasa hiyo hiyo.

Nilisoma sekondari huku huku Morogoro, shule siitaji. Tulijengewa darasa jipya, mgeni rasmi akaja, utepe ukakatwa, picha zikapigwa. Masika ya pili ufa ukaanza kwenye kona ya dirisha. Masika ya tatu kiganja changu kilikuwa kinapita. Kila mwaka fundi anakuja na ndoo ya saruji, anaziba, anaondoka. Tunaambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Sawa, lakini ufa ule haukuanzia ukutani. Ulianzia chini, kwenye udongo mfinyanzi ulioshiba maji, na hakuna aliyeupima kabla ya kumwaga zege.

Sisi wa Moro tunaujua udongo huo. Maji yanayoshuka Uluguru hayaji mikono mitupu, yanabeba udongo, na ule laini kabisa unatua tambarare. Ndiyo maana Bwawa la Mindu linajaa tope. Nenda majaruba ya Dakawa au bonde la Kilombero ujionee: ardhi inayoshika maji ni baraka kwa mpunga, ni balaa kwa msingi. Ukiweka jengo juu yake, uzito unayakamua maji polepole, kwa miaka, na ardhi inashuka. Ikishuka zaidi upande mmoja, ukuta unapasuka.

Dawa ipo, tena ya zamani. Mwaka 1952 mhandisi wa Sweden, Walter Kjellman, alieleza njia ya kuikamua ardhi kabla ya kujenga. Siku hizi inafanyika hivi: unazamisha vipande virefu vya plastiki vyenye njia za maji, wima, ndani ya udongo. Juu unamwaga mchanga, halafu unafunika eneo zima kwa plastiki isiyopitisha hewa. Pampu inafyonza hewa na maji, chini ya plastiki panakuwa na ombwe. Hewa ya nje, hii hii tunayovuta bure, inaikandamiza ardhi kwa uzito unaoweza kufika tani 8 kwa kila mita ya mraba, kama umerundika kifusi cha zaidi ya mita 4. Kushuka ambako kungechukua miaka kunaisha kwa miezi, na kunaisha kabla ya jengo kuwepo.

Sisi tumezoea kusema nchi ina ombwe la uongozi. Kumbe wenzetu ombwe linawajengea. Letu linatubomolea.

Sasa ngoja, sijasema kila darasa liletewe pampu. Hiyo ni kazi ya barabara kubwa, bandari na viwanja vya ndege. Na ule udongo mweusi wa mbuga, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, ni ugonjwa mwingine wenye dawa yake. Kwa darasa unaweza kuondoa udongo mbovu na kushindilia kifusi kizuri, au kushusha msingi hadi penye ardhi ngumu, au kubadilisha kiwanja kabisa. Lakini zote hizo zinaanza na kupima, halafu kuipa ardhi muda na fedha inayostahili.

Hapo ndipo chama tawala kinapofeli. Kumbukeni 2021, fedha za UVIKO-19: mkopo wa IMF, shilingi trilioni 1.3, madarasa 15,000 nchi nzima, kila darasa milioni 20, na agizo yakamilike kabla ya mwaka kuisha. Watoto walihitaji madarasa, hilo silipingi. Ninachouliza ni kimoja: kwa nini darasa la juu ya mwamba na darasa la juu ya tope lipewe bei moja na tarehe moja? Jiweke kwenye nafasi ya mwalimu mkuu mwenye kiwanja cha majimaji. Akipima udongo, hela ya bati inapungua. Akisubiri ardhi itulie, anaitwa mzembe. Atafanya nini? Atajenga tu, na ufa atamwachia mwalimu mkuu ajaye.

Watasema wapinzani hawapendi maendeleo, tunataka watoto wasomee chini ya mwembe. Jamani, anayewapenda watoto ni yule anayeuliza kilichopo chini ya sakafu yao. Na saruji inayoziba ufa kila mwaka ni hela ya nani kama si yetu?

Mimi nasoma sheria, kwa hiyo naomba tufanye kazi ya sheria. Ibara ya 18 ya Katiba inatupa haki ya kupewa taarifa kuhusu masuala muhimu kwa jamii. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inatoa siku 30 ombi lijibiwe. Basi kila kata tuchague jengo moja la umma lenye nyufa, tumwandikie mkurugenzi wa halmashauri: udongo ulipimwa lini, na nani, na ripoti ilisema nini? Kama ripoti haipo, hilo nalo ni jibu. Tulipeleke kwa diwani, kwenye mkutano wa mtaa, mbele za watu.

Ardhi haina kadi ya chama. Haipigi makofi utepe ukikatwa, wala haijui tarehe ya kampeni. Inashuka tu.

Barua yangu ya kwanza inakwenda Jumatatu, kuhusu lile darasa. Ya kwako je?