*TAMKO LA TAWI: SHAMBA LA CHAKULA SI TANGI LA MAFUTA LA ULAYA*

Ndugu wanachama, wapenzi wa chama na wananchi wote wa kata yetu,



Kamati ya Utendaji ya Tawi imekaa na kujadili jambo linalosemwa vijiweni kwa wiki kadhaa sasa: watu wanaopita vijijini wakitafuta ardhi ya kupanda mazao ya mafuta ya magari, huku wakiwaahidi wazee zahanati na visima, na vijana ajira. Jambo hili litaletwa kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kabla mikono haijanyooshwa, tunasema wazi: *HAPANA, si kwa masharti haya.*

*1. WIMBO HUU TULISHAUSIKIA*
Kisarawe, kampuni ya Uingereza ya Sun Biofuels ilipewa zaidi ya hekta 8,000 kwa miaka 99 ili ipande mibono. Mwaka 2011 kazi zikasimama na mamia ya vibarua wakarudi nyumbani mikono mitupu. Kilwa, kampuni ya Bioshape ya Uholanzi iliingia kwenye eneo la hekta 34,000 lenye misitu ya asili. Mwaka 2010 ikafilisika. Bagamoyo, SEKAB ya Uswidi ilikuja na miwa ya ethanoli karibu na mto Wami. Mwaka 2009 ikajiondoa.

Miradi mitatu, mikoa miwili, mwisho mmoja. Anayetuambia safari hii ni tofauti, atuoneshe tofauti hiyo kwa maandishi.

*2. BIASHARA YENYEWE HAIKUWA YETU*
Hawakuja kwa sababu mkulima wa Pwani alihitaji dizeli ya mbono. Walikuja kwa sababu Umoja wa Ulaya ulijiwekea malengo: mwaka 2003 asilimia 5.75 ya mafuta ya magari ifikapo 2010, na mwaka 2009 asilimia 10 ya nishati ya usafiri itokane na vyanzo jadidifu ifikapo 2020. Soko hilo lilizaliwa na amri, na amri hubadilika. Mwaka 2015 Ulaya hiyo hiyo ikaweka kikomo cha asilimia 7 kwa mafuta yanayotokana na mazao ya chakula. Katikati ya hapo, bei ya mafuta ghafi iliporomoka mwishoni mwa 2008 kutoka zaidi ya dola 140 kwa pipa hadi chini ya dola 40, na fedha za miradi zikakauka. Sera inaandikwa Brussels, shamba linapotea kijijini.

Na mbono wenyewe? Wazee wetu waliuita mbono kaburi, wakaupanda makaburini na kwenye mipaka. Hawakuwa wajinga. Ulisifiwa kwamba unakubali ardhi kame. Ni kweli, unakubali kuishi. Kuzaa ni jambo jingine. Bila maji na rutuba, mbegu ni chache. Tena mbegu hizo zina sumu: soko likianguka huwezi kuzila wala kumpa mbuzi.

*3. HESABU YA GUNIA*
Gunia la mahindi la kilo 100 hutoa takriban lita 40 za ethanoli. Ethanoli ina nguvu kama theluthi mbili tu ya petroli, kwa hiyo hizo ni sawa na lita 27 hivi za petroli. Tangi la Land Cruiser halifiki hata nusu. Gunia hilo hilo, kwa nusu kilo kwa siku, linamlisha mtu siku 200. Ndugu zetu, ni lipi lina thamani zaidi hapa kwetu mwezi wa Februari, ghala likiwa tupu?

*4. ETI NI MAFUTA SAFI*
Wanasema yanaokoa hali ya hewa. Inategemea yamelimwa wapi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 katika jarida la *Science* ulionesha kwamba ukifyeka nyika ya Cerrado ya Brazil ili kulima soya ya dizeli, inachukua miaka 37 hivi kulipa deni la kaboni iliyotoka kwenye miti na udongo. Kwenye misitu ya ardhi ya mboji ya Indonesia, kwa michikichi, ni zaidi ya miaka 400. Sasa ukikata mninga na mpingo ili gari la Ulaya lihesabiwe kuwa safi, nani ameokoa nini?

*5. MTEGO ULIO KWENYE SHERIA*
Ardhi ya kijiji haipewi mwekezaji wa nje ikiwa bado ni ardhi ya kijiji. Kwanza inahamishwa kuwa ardhi ya jumla. Kampuni ikifa, ardhi hairudi yenyewe kijijini. Hati huuzwa kwa mwingine nanyi mnabaki kutazama. *Anayewaambia "mnakodisha tu" anawapotosha.*

Wapo watakaosema tunapinga maendeleo. Hatupingi nishati ya mimea. Molasi inayobaki viwandani itengenezwe ethanoli. Samadi itoe biogesi ya kupikia, mama zetu wapunguze kubeba kuni. Mabaki ya mazao yatumike. Tunachopinga ni kutoa shamba na msitu kwa ahadi ya mdomo.

*TUNADAI:*
✅ Mkataba wote usomwe kwa Kiswahili mkutanoni, na nakala ibaki ofisi ya kijiji, siku 60 kabla ya uamuzi.
✅ Mpango wa matumizi bora ya ardhi ukamilike kwanza: mashamba, malisho, msitu na akiba ya watoto wetu.
✅ Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira iwekwe wazi.
✅ Zahanati na visima viandikwe kwenye mkataba, pamoja na tarehe na adhabu.
✅ Pawe na kifungu kwamba mradi ukifa, ardhi inarudi kijijini.

Bila hayo matano, wajumbe wetu kwenye Halmashauri ya Kijiji watapiga kura ya HAPANA, nasi tunawaomba wananchi wote, wa vyama vyote na wasio na chama, wafanye hivyo hivyo. Mkutano Mkuu ndio wenye sauti. Asiyehudhuria, wengine watamwamulia.

Njooni. Njooni na kina mama, maana ndio wanaolima.

*Imetolewa na:*
Katibu Mwenezi wa Tawi
Kwa niaba ya Kamati ya Utendaji

_Sambaza kwenye makundi yote ya kata. Asiye na simu asomewe._