Makumbusho Yasiwe ya Msimu Mmoja

Kila mwaka, mavuno yakisha kuingia ghalani, kilima cha Bujora karibu na mji wa Mwanza hujaa watu. Hiyo ndiyo sikukuu ya Bulabo. Katika uwanja wa Makumbusho ya Wasukuma, yaliyotokana na kazi aliyoianza Padri David Clement katika miaka ya 1950, vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana. Na mshindi ni yule awavutaye watazamaji wengi zaidi.

Mwaka mmoja nilifuatana huko na wanafunzi wa kidato cha tatu. Tulipokuwa tukirudi niliwauliza wamejifunza nini. Wakajibu kwa sauti moja: "Tumeona chatu!" Sikuwacheka, kwani hata mimi nilikuwa nimemkodolea macho chatu yule. Hata hivyo, jibu hilo limenikaa moyoni. Naamini kosa si la wanafunzi, bali ni letu sisi walimu, tunaoyafanya makumbusho kuwa mahali pa kuburudisha macho mara moja kwa mwaka.

Tuanze na tarehe ya sikukuu yenyewe. Bulabo huambatana na sikukuu ya Ekaristi, ambayo huhesabiwa kutoka Pasaka. Na Pasaka, kwa kanuni ya kanisa, ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Ndiyo sababu siku hiyo huhamahama kati ya mwisho wa Mei na mwisho wa Juni. Mwanafunzi awezaye kulieleza jambo hilo ameelewa mwendo wa mwezi na ugumu wa kuulinganisha na mwaka wa jua. Na mashindano je? Umati usiotulia utahesabiwaje? Gawa uwanja katika miraba iliyo sawa, hesabu watu katika miraba michache, kisha kadiria jumla. Hilo ni somo la takwimu, na ngoma ndiyo maabara yake.

Lakini elimu ya Wasukuma haikomi Juni. Chukua mfano wa ngitili, yaani malisho yanayofungwa mvua zinapoanza, ili majani yake yafae mifugo wakati wa kiangazi kikali. Mwaka 1986 Serikali ilipoanzisha mradi wa hifadhi ya ardhi mkoani Shinyanga, ujuzi huo wa wazee ndio uliokuja kuwa nguzo ya kazi, na maelfu kwa maelfu ya hekta zilizokuwa jangwa zikaota miti tena. Anayefika Bujora siku ya ngoma tu hawezi kuona ngitili ikifungwa wala ikifunguliwa. Ataona jembe ukutani, asione kwa nini limechongwa vile.

Nilipokuwa masomoni ng'ambo nilitembelea Skansen, makumbusho ya wazi mjini Stockholm yaliyofunguliwa mwaka 1891. Wao pia wana sikukuu yao kubwa ya Juni, wakati wa siku ndefu za kiangazi cha kaskazini. Lakini hawaishii hapo: Aprili huwasha mioto ya kulaki majira ya kuchipua, na Desemba huwa na soko la Krismasi. Mtoto hurudi mara kwa mara, na kila mara hukuta kazi nyingine. Sisemi tuige sikukuu zao. Nasema tuige mpango wao.

Najua mwalimu atauliza: nauli itatoka wapi, na mtihani je? Maswali hayo ni ya haki. Kwa hiyo napendekeza jambo dogo. Shule iliyo karibu na makumbusho yoyote ifanye ziara mbili badala ya moja: ya kwanza mvua za mwanzo zinaponyesha, ya pili kiangazi kinapokolea. Kila mwanafunzi achague chombo kimoja, amtafute mzee aliyepata kukitumia, na aandike kilitumiwa mwezi gani, kwa kazi gani, na kwa nini. Nayo makumbusho yapokee nakala ya maandishi hayo.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Vyombo vyetu vimekwisha kuwekwa chini ya paa. Wenye kujua matumizi yake wanazidi kupungua kila mwaka. Tuwaendee wangali hai, wala tusingoje Juni.