Nchelenge: Mgeni wa kwanza ni mchuuzi

Mfanyabiashara anayefika Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, kwa kawaida huwa na jambo moja kichwani: chisense, dagaa wa Ziwa Mweru wanaoanikwa juani na kuuzwa katika soko la Kashikishi, jirani na mji huo. Hununua, hupakia, huondoka.

Anaacha mengi nyuma. Ziwa lina ukubwa wa kilomita za mraba 5,000 hivi, na jioni jua huzama majini upande wa Kongo. Kusini, Mwansabombwe, Mwata Kazembe wa Walunda huongoza sherehe za Mutomboko kila mwisho wa Julai. Kwenye Mto Kalungwishi kuna maporomoko ya Lumangwe.

Serikali ya Zambia imekuwa ikiinadi mikoa ya kaskazini kwa watalii. Kosa ni kumsubiri mgeni wa kutoka Ulaya na kutomhesabu yule aliyekwisha kufika: mchuuzi wa Kilwa na Pweto, ng'ambo ya Kongo, au aliyetoka Tunduma kupitia Nakonde. Huyu ndiye mgeni wa zamani. David Livingstone alipofika Mweru Novemba 1867, alimkuta kwa Mwata Kazembe mfanyabiashara Muhammad bin Salih, aliyekuwa amekaa huko miaka mingi.

Mji unamhitaji. Kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari Zambia hufunga uvuvi ili samaki wazaliane. Ni hatua ya busara, lakini ni miezi mitatu migumu kwa mama muuza samaki, mwenye gesti na mpishi wa nshima. Wageni wanaokuja kwa shughuli nyingine wangewapunguzia makali.

Mgeni huyo anahitaji kwanza kuvuka salama. Hapaswi kukaa juu ya magunia bila jaketi okozi, akiomba upepo usichafuke. Anahitaji boti ya abiria yenye ratiba na nauli inayojulikana, na gati ambapo maofisa wa nchi zote mbili wanagonga mihuri bila kumzungusha.

Wapo watakaosema Kongo iko Jumuiya ya Afrika Mashariki na Zambia haimo. Ziwa Maggiore liko Italia na Uswisi; Italia imo katika Umoja wa Ulaya, Uswisi haimo, na bado boti za abiria huunganisha miji ya pande zote mbili. Watalii na wenyeji hupanda boti zilezile. Zambia na Kongo wana nafuu zaidi, kwani zote ni wanachama wa COMESA na SADC.

Lusaka na Kinshasa zianze na boti hiyo kabla ya kuchapisha mabango ya utalii. Naye mfanyabiashara, mzigo ukishafungwa, alale usiku mmoja Nchelenge. Atayajua mengi kuhusu soko lake kwa kuzungumza na wenyeji jioni kuliko kwa kubishana bei asubuhi.