Barabara Safi na Moshi wa Jikoni

Katika toleo la muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu alituandikia habari za safari ya chama cha jiografia kwenda Kigali. Habari yake ilinipendeza, maana ni kijana mwenye macho. Lakini alimalizia kwa maneno yaliyonichoma, kwamba wenzetu wa Rwanda ni wapenzi wa mazingira kwa asili yao, na sisi wa Uganda ni wachafu kwa asili yetu. Mimi ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii, na biashara yangu hunipeleka Kigali mara kadhaa kwa mwaka. Naomba nafasi nimjibu, wala si kwa ugomvi.

Aliyoyaona ni kweli. Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki kwa sheria ya mwaka 2008, na mwaka 2019 ikaongeza sheria juu ya vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja na kutupa. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi watu hutoka kufanya umuganda, yaani kazi ya pamoja, na asiyetokea aweza kutozwa faini. Na sisi je? Serikali yetu ilitangaza mwaka 2007 kwamba mifuko myembamba imekatazwa. Mwaka 2009 ikatungwa sheria, mwaka 2015 maofisa wakaingia madukani, na mwaka 2019 ikatungwa sheria nyingine. Hata leo ukinunua nyanya sokoni utafungiwa ndani ya kavera. Kenya walianza mwaka 2017 na Tanzania 2019, nao wametupita. Hapo sina la kututetea.

Neno ninalolikataa ni hilo la "asili". Panda basi la asubuhi kutoka Kampala. Likifika Lukaya, wauzaji hukimbilia madirishani na kuku wa kuchoma kwenye vijiti, na gonja, na maji ya chupa. Kabla hamjauona mji wa Masaka, vijiti na mifuko na chupa vimekwisha ruka nje. Watupaji ni nani? Ni Waganda, ni Wanyankole, ni Wakiga, na ni Wanyarwanda vilevile wanaorudi kwao na mali waliyonunua Kampala. Nimekaa nao kiti kimoja, nimeona. Kisha twafika Katuna, twashuka, twavuka mpaka kwa miguu, na upande wa Gatuna mizigo yapekuliwa na kavera zachukuliwa. (Mimi mwenyewe niliwahi kuvuliwa mfuko wa mashati mapya, nikayabeba mkononi kama mchuuzi.) Kutoka hapo mpaka Kigali hakuna atupaye kitu. Yule yule aliyerusha chupa pale Lukaya sasa amepakata ganda la ndizi saa nzima, akingoja kuona pipa. Je, asili yake imebadilika kwa kuvuka mpaka? Alichokuta ng'ambo ni sheria inayofuatwa, na pipa la kutilia taka, na jirani atakayemtazama vibaya.

Tena barabara iliyofagiwa haikuambii mambo yote. Kule Rwanda nyumba nyingi bado zapikia kuni na mkaa, kama kwetu. Msitu wao wa Gishwati uliliwa na malisho na mashamba, na baada ya mwaka 1994 wakimbizi waliorudi wakajenga humo kwa kuwa hawakuwa na pengine pa kukaa, hata msitu ukabaki kipande. Sasa wanaurudisha, nao pamoja na ule wa Mukura umefanywa hifadhi ya taifa. Mgeni apitaye mjini siku mbili hayaoni hayo.

Sisi nasi ukitusoma kwenye karatasi tu safi mno. Umeme wetu karibu wote watoka katika maji: bwawa la Owen Falls la mwaka 1954, Bujagali la mwaka 2012, na Karuma lililozinduliwa mwaka 2024. Lakini zunguka nyuma uingie jikoni, utakuta moshi. Mwaka 1990 misitu ilifunika kama sehemu 24 katika kila mia ya nchi yetu. Ilipofika mwaka 2015 zilibaki kama 9. Miti mingi ilipita barabarani ndani ya magunia ya mkaa, nasi tukalipa bei na kushukuru.

Wala si kwamba hatuna mapenzi. Mwezi wa Aprili mwaka 2007, ilipotakiwa sehemu ya msitu wa Mabira ikatwe kwa kupanda miwa, watu wa Kampala waliingia barabarani. Kulitokea fujo, watu wakapoteza maisha, na mpango ule ukawekwa kando. Mimi nilikuwamo katika maandamano yale. Jioni nilirudi nyumbani, nikawasha sigiri ya mkaa, nikapika chai. Sikuona ajabu yoyote.

Ndiyo maana nasema, ukitaka kujua kama watu ni rafiki wa mazingira, usitazame barabara yao. Uliza vitu vyao vyatoka wapi na vyaenda wapi. Taka za Kampala zilikuwa zikienda Kiteezi, na tarehe 10 Agosti mwaka 2024 mlima ule wa taka uliporomoka ukafunika nyumba, wakafa watu zaidi ya 30. Kila tulipofagia mlango wetu tukajisifu, tulikuwa tukiuongeza mlima ule.

Sasa nirudi shuleni kwetu, maana ndiko nilikojifunza jambo hili, ingawa kwa kuchelewa. Nilikuwa kiranja wa usafi. Kila Jumamosi asubuhi njia zote zilifagiwa, mawe yakapakwa chokaa, na bweni letu lilipata kikombe cha usafi mihula mitatu mfululizo. Taka zilikwenda wapi? Kwa amri yangu zilipakiwa katika mikokoteni zikamwagwa bondeni nyuma ya jiko, penye mafunjo. Chini ya mafunjo yale pana chemchemi ya kijiji. Siku moja alipanda bibi mmoja na dumu lake, akalimimina mbele yangu. Mlitoka maji pamoja na kipande cha kavera na karatasi za daftari. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama kuna mkubwa wa kumwambia. Nikamjibu, "Jaja, nenda umwone mtunza bohari," nikageuka kuhesabu mafagio. Sijui kama alimwona. Jumamosi iliyofuata mikokoteni ilishuka bondeni kama kawaida.

Nilipopita hapo mwaka huu mikokoteni ingali inashuka. Lori la kuni lililokuja mara moja kwa wiki siku zetu sasa laja mara mbili, na posho yapikwa juu ya mawe matatu kama zamani, nusu ya moto ukienda hewani na nusu machoni mwa wapishi. Nao wanafunzi wa zamani tumeletewa barua ya mchango wa kujenga lango jipya lenye bustani ya maua.

Nawaomba chama cha jiografia wahesabu malori ya kuni na mikokoteni ya taka kwa muhula mmoja, na mhariri atuchapishie hesabu hiyo. Katika mkutano wetu wa Desemba nitapendekeza fedha za lango zijenge majiko ya matofali yenye dohani, yanayokula kuni chache, na shimo la taka lililo mbali na chemchemi. Mpaka nisikie jibu, mchango wangu wa lango uko mfukoni.