Beki bora wa Leopards: kabla ya Mbemba kulikuwa Bwanga

Tangu usiku ule wa Rabat, tarehe 16 Novemba 2025, mabishano hayajaisha. Chancel Mbemba alipiga penati ya mwisho dhidi ya Nigeria, siku tatu baada ya kuifunga Kamerun katika dakika ya 91. Sasa vijana wengi wanasema: beki bora katika historia ya Leopards ni yeye, hakuna haja ya kujadili.

Haja iko.

Hoja yao ina nguvu, tusiidharau. Mbemba amepita Anderlecht, Newcastle, Porto na Marseille. Mwaka wa 2020 alifunga mabao yote mawili ya Porto katika fainali ya Kombe la Ureno dhidi ya Benfica. Akiwa kapiteni, aliifikisha timu nusu fainali ya Kombe la Afrika kule Kodivaa, mwanzoni mwa 2024. Lakini angalia tunavyomsifu: kwa mabao na penati. Kwa beki, hiyo ni ziada tu.

Siku tatu baada ya penati ile, katika mji uleule wa Rabat, Mmoroko Achraf Hakimi alitangazwa mchezaji bora wa Afrika. Iliandikwa kila mahali kwamba ni beki wa kwanza kupata heshima hiyo tangu 1973. Na yule wa 1973 ni nani? Ni wetu: Bwanga Tshimen, wa TP Mazembe ya Lubumbashi. Wakati ule zawadi ilitolewa na gazeti France Football la Ufaransa, na hakuna mchezaji mwingine wa Leopards aliyeipata. Mwaka uliofuata, kule Misri, Bwanga na wenzake walibeba Kombe la Afrika kwa kuifunga Zambia 2-0 katika mechi ya marudio. Mbemba bado hajalibeba.

Kuna watakaojibu: kule Ujerumani 1974 ukuta huohuo ulifungwa mabao 14 katika mechi tatu. Ni kweli, na tisa ni ya Yugoslavia peke yake. Ila wachezaji wale walikuwa wanadai pesa zao, na Mwepu Ilunga alieleza baadaye kwamba kabla ya mechi ya Brazil walitishwa: wakifungwa mabao manne, wasirudi nyumbani. Walifungwa matatu. Ni katika mechi hiyo Mwepu alitoka mbio ukutani na kuupiga mpira wa adhabu wa Wabrazil. Dunia inacheka mpaka leo, ikidhani Mwafrika hakujua sheria. Beki wa kulia, bingwa wa Afrika, asijue sheria!

Hapo ndipo uchungu wangu uko. Video ya Mwepu kila kijana anayo kwenye simu. Za Bwanga akizuia mshambuliaji, ni nani kati yetu amewahi kuiona hata moja? Mwepu alifariki 2015, Ndaye Mulamba 2019. Televisheni ya taifa na shirikisho la mpira watafute filamu za miaka ile, na waende na kinasa sauti kwa wazee waliobaki, Lubumbashi na Kinshasa, mwaka huu.

Mimi ninamchagua Bwanga, na Mbemba nitamweka pembeni yake katikati. Beki wa kulia ni Mwepu, bila kura.