Ati Hawakujua!

Yako maneno ambayo kila niyasikiapo hunichefua: ati wakubwa wa Marekani waliomiliki watumwa tusiwalaumu, kwani zama zile watu wote waliona ni jambo la kawaida. Husemwa na wasomi, tena kwa sauti ya upole, kana kwamba ndiyo hekima yenyewe. Ndugu zangu, watu wote gani? Waliokuwa wakichapwa viboko katika mashamba ya pamba hawakuwa watu? Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Elizabeth Freeman, mtumwa wa Massachusetts, alikwenda mahakamani mwaka 1781 kudai uhuru wake, akashinda. Na kama watumwa waliridhika, ile sheria ya 1850 ya kuwakamata watoro ilitungwa ya nini?

Haya, tuwaache watumwa, tuje kwa Wazungu wenyewe. Mwaka 1688, huko Germantown, Pennsylvania, watu wanne wa Kanisa la Marafiki, lile lililokuja baadaye kujenga misheni Kaimosi, Kenya, walitia saini waraka wa kupinga kuuza na kumiliki binadamu. 1688, jamani! Miaka mingi baadaye akaja John Woolman, karani kijana, akaamriwa na mwajiri wake aandike hati ya kumuuza mwanamke mmoja. Aliiandika, roho ikamsuta, na umri uliobaki akazunguka nyumba kwa nyumba akiwanasihi wenye watumwa wawaachie. Kufikia 1776 Marafiki wa Philadelphia walikuwa wamewapiga marufuku waumini wao kumiliki mtu.

Mwaka huohuo Thomas Jefferson, katika rasimu ya Tangazo la Uhuru la Marekani, alimshutumu mfalme wa Uingereza kwa biashara ya watumwa. Wenzake wakaifuta sehemu hiyo. Naye katika maisha yake alimiliki watu zaidi ya 600, akawaacha huru wachache wa kuhesabika kwa vidole. Huyu naye hakujua? Ulimi ulijua, mkono ndio uliokataa kufumbuka. Katika Virginia ileile, chini ya sheria zilezile, Robert Carter aliandika hati mwaka 1791 ya kuwaachia huru watu zaidi ya 450. Jefferson anajulikana dunia nzima. Carter nani anamtaja?

Nyinyi wasomaji wangu mna akili pevu, hamhitaji kuambiwa kilichozigeuza baadaye nyoyo za wenye watumwa. Ni pamba. Mashine ya kuitenga na mbegu ilipobuniwa mwaka 1793, faida ilipanda, na watumwa waliokuwa kama 700,000 mwaka 1790 wakakaribia milioni 4 mwaka 1860. Maneno nayo yakageuka. Mababu zao walikuwa wakisema utumwa ni shari wasiyojua namna ya kuiondoa. John Calhoun akasimama katika Seneti mwaka 1837 akasema ni kheri! Wamethodisti wakagawanyika 1844, Wabaptisti 1845, Kaskazini mbali na Kusini mbali, na wote wanasoma Biblia moja. Tamaa mbele, mauti nyuma: vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 viliua zaidi ya watu 600,000.

Na hapa siwezi kujizuia kusema jingine, ingawa halikuwa la leo. Ile nguo ya merikani waliyovaa mababu zetu ililetwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, nayo ilifumwa kwa pamba iliyochumwa na watumwa hao. Wapagazi wakaibeba bara, ikanunua pembe, ikanunua na watu. Kwa hiyo tusijifanye watazamaji. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, utumwa wenyewe ukafutwa kisheria 1897, lakini hadi leo pwani wapo wazee ambao posa ikija, hawaulizi dini ya kijana wala kazi yake, huuliza babu yake alikuwa wa nani! Wakisikia alikuwa mtumwa, basi, posa imekufa. Kijana huyohuyo ndiye wanayesimama naye safu moja msikitini, bega kwa bega, wakimsujudia Mola mmoja. Nyani haoni kundule. Mzee wa namna hiyo akianza kuwalaani akina Calhoun barazani, muulize kwanza ile barua ya posa aliijibu nini.