Kabla ya kulaumu nywele zako, kitazame kitana chako

Jumamosi iliyopita nilikuwa saluni moja hapa Malindi, nimekaa kwenye benchi nasubiri zamu yangu. Mbele ya kioo alikaa mtoto wa kike wa miaka sita hivi, ametoka tu kufumuliwa matuta. Msusi akachukua kile kitana chembamba chenye mkia, akakizamisha utosini, akavuta. Nywele kavu kabisa, hakuna maji, hakuna mafuta. Unaujua ule mlio? Kra, kra, kra. Mtoto akaanza kulia. Mama yake, macho kwenye simu, akamwambia: "Vumilia mwanangu, mtaka uzuri hudhurika." Msusi naye akaongeza lake: "Nywele zako ngumu kama waya, mimi nifanyeje?"

Mtoto akapangusa machozi, akasema: "Mama, basi si nitiwe dawa kama anti."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu maneno hayohayo niliyasema mimi nikiwa darasa la tano, na kwa sababu hiyohiyo. Sikuwa nataka nywele ndefu za kwenye matangazo. Nilikuwa nimechoka kuumia, basi.

Sasa leo nina jambo moja tu la kukwambia, halafu ubishe ukitaka. Nywele zetu hazina ugumu wowote. Ni nyororo mno, pengine kuliko unavyodhani, na tunazichana kwa kifaa kisicho chake, kwa njia isiyo yake. Halafu zikikatika, tunamwambia mtoto kosa ni lake.

Mimi si daktari, na chuo chenyewe nilikiacha njiani, lakini haya hayahitaji digrii. Unywele wa kipilipili ukiukata na kuutazama kwa hadubini, hauna umbo la duara kamili. Umebanwa kidogo kama utepe, na unajipinda mara nyingi kutoka shina hadi ncha. Kila pindo ni mahali dhaifu. Mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa nayo yanateremka kwa taabu kwenye njia yenye kona zote hizo, kama tuktuk kwenye vichochoro vya mtaa, kwa hiyo ncha zinabaki kavu. Na nywele zinazojipinda hushikana zenyewe kwa zenyewe. Hapo ndipo mafundo yanapotoka.

Ongeza hali ya huku kwetu. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi, na siku mifereji ikikauka, ni hayohayo tunayooshea nywele. Kaskazi ikivuma kuanzia Desemba hadi Machi, kila kitu kinakauka. Ukitoka kuogelea baharini hujasuuza kichwa, au ukivuka daraja la Kilifi kwa tuktuk upepo unakupiga usoni, unafika nyumbani na kichwa kizima ni fundo. Na wewe unayejifunga mtandio wa pamba juu ya nywele zilizokauka, kitambaa kinazisugua mchana kutwa.

Sasa hebu fikiria kitana cha meno yaliyobanana kinaanzia utosini. Kinasukuma fundo dogo kushuka chini, linakutana na la pili, linakutana na la tatu. Kikifika katikati, mbele yake kuna fundo moja kubwa. Hapo ama fundo lifunguke, ama unywele ukatike. Ule mlio wa kra kra ni jibu.

Kwa wastani nywele humea kama sentimita 1.25 kwa mwezi. Ukizikata kiasi hichohicho kwa kitana kila mwezi, mwaka utaisha zipo palepale. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "zangu hazimei," huwa namwambia atazame sakafuni akimaliza kuchana. Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Lakini okota moja uiangalie. Ikiwa ndefu na ina kidoti cheupe mwishoni, hiyo ilikuwa imemaliza muda wake na imetoka na shina. Ikiwa kipande kifupi kisicho na kidoti, hiyo umeikata wewe. Zako zinamea, ila unazivuna kabla ya wakati.

Basi ununue nini? Anza na kitana cha meno mapana, manene, yaliyoachana kiasi kwamba kidole chako kidogo kinakaribia kupita katikati. Ncha za meno ziwe za mviringo. Kisha fanya jambo ambalo watu wengi hawalifanyi sokoni: pitisha kidole kwenye kila upande wa jino. Vitana vingi vya plastiki vya bei ya chini vimetengenezwa kwa kalibu ya vipande viwili, na pale vipande vinapokutana hubaki ukingo mwembamba. Ukingo huo ni kama wembe mdogo. Kila ukichana, unakwaruza ngozi ya juu ya unywele. Ukiusikia kwa kidole, kirudishe. Kitana kinachaguliwa kwa kidole, rangi baadaye.

Brashi nayo iwe ya miba inayopinda ukiigusa, iliyopandwa kwenye mpira laini au iliyopangwa kwa mistari yenye nafasi. Ikikutana na fundo, miba inapinda na kupisha badala ya kung'oa. Kama ina vile vitone vya ncha na vimeanza kubanduka, itupe, kwa sababu ncha iliyobaki inanasa. Ile brashi ya manyoya yaliyosongamana ni ya kulaza nywele za mbele. Usiiingize kwenye fundo. Na kile kitana chembamba chenye mkia sikichukii, kina kazi yake, nayo ni kugawa mistari. Kukitumia kufungua mafundo ni kama kulima shamba kwa kijiko.

Lakini hata kifaa kizuri kikishikwa vibaya kitakata. Kwa nywele za kipilipili, usichane kavu. Lowesha, tia kondishena ya kutosha mpaka ziteleze, kisha zigawe mafungu manne au sita. Tumia vidole kwanza, ndicho kitana cha kwanza Mungu alichokupa. Halafu shika fungu kwa mkono mmoja katikati, ili mvuto usifike kichwani, na kwa mkono mwingine anza kwenye ncha. Ncha zikifunguka, panda kidogo. Zikifunguka hapo, panda tena. Utosini ufike mwisho. Ukikutana na fundo sugu, weka kitana chini, ongeza kondishena, lifungue kwa vidole. Kwa rafiki zangu wenye nywele za singa, sheria inageuka: zikiwa zimelowa chepechepe zinavutika na kukatika kirahisi, kwa hiyo ziache zikauke kiasi kwanza. Ila kuanzia kwenye ncha ni kwa wote. Na wewe kaka mwenye afro, unayejichoma na kitana cha miba ya chuma kila asubuhi ukikimbilia kazini, usidhani haya ni ya akina dada.

Halafu kuna mafuta ya nazi. Tumezaliwa katikati ya minazi halafu tunanunua vichupa vya kutoka nje. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya madini, na ukaona kwamba ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza waziwazi upotevu wa protini kwenye nywele, yakipakwa kabla ya kuosha au baada. Yanaingia ndani ya unywele, hayakai juu tu. Yapake usiku, uoshe asubuhi. Nyanya yako alijua hili kabla ya utafiti wowote.

Najua utaniambia nini. Utasema hayo ni mambo ya watu wenye muda, na msusi ana wateja watano kwenye benchi. Ni kweli, na mimi siwalaumu wasusi peke yao. Msusi analipwa kwa kichwa, halipwi kwa saa. Ukimpa nywele kavu zenye mafundo ya mwezi mzima na unataka utoke baada ya saa moja, ataikimbiza kazi, na kukimbiza ni kung'oa. Kwa hiyo fungua mafundo nyumbani usiku wa kabla, uende saluni nywele zikiwa tayari. Kama huwezi, muongeze kitu umwambie achane polepole. Tunabishana na msusi kwa shilingi hamsini, halafu tunalipa maelfu kununua nywele za bandia za kuziba pale zilipokatika.

Na beba kitana chako mwenyewe. Kitana kimoja kikipita vichwa ishirini kwa siku bila kuoshwa, kinabeba zaidi ya nywele. Mapunye ya watoto yanaambukizwa kwa njia hiyohiyo. Kukitoa kitana chako kwenye mkoba si maringo. Osha kwa maji ya moto kiasi na sabuni, mambo yamekwisha.

Kwa nini nalipigia kelele jambo dogo kama kitana? Kwa sababu ya yule mtoto. Alikuwa anaomba dawa ili maumivu yaishe. Wengi wetu tuliingia kwenye dawa kwa mlango huohuo, tungali watoto, kabla hatujajua tunachagua nini. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake zaidi ya 33,000 wenye umri wa miaka 35 hadi 74 kwa karibu miaka 11. Waliotumia bidhaa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walionekana kupata saratani ya mji wa mimba kwa zaidi ya mara mbili ya wale wasiotumia. Utafiti wenyewe haukusema dawa ndiyo iliyosababisha, na ugonjwa huo si wa kila mlango, kwa hiyo usilale na hofu. Wewe mtu mzima ukitaka kutia dawa, tia, kichwa ni chako. Lakini mtoto wa miaka sita asiikimbilie kwa sababu hatukumnunulia kitana cha meno mapana.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba pwani hii haikuwa na haja ya kufundishwa hili. Tulikuwa na chanuo. La mti, meno marefu, manene, yaliyoachana, linaloingia kwenye nywele kama mkono. Afrika imechonga vitu hivi tangu zamani sana. Mwaka 2013 makumbusho ya Fitzwilliam kule Cambridge, Uingereza, yaliweka maonyesho kuhusu asili ya kitana cha afro, yakihesabu historia ya miaka 6,000 kuanzia Misri ya kale na Sudan. Watu walikwenda kukitazama kwenye kabati la kioo. Sisi tulikibadilisha na kijiti cha plastiki, tukaanza kuita nywele zetu waya.

Na wachongaji tunao. Hapa Malindi kuna mafundi wanaochonga twiga na viboko vya kuwauzia watalii, wengi kwa mti wa mwarobaini. Wiki hii nilimwendea mmoja nikamwomba anichongee chanuo. Alishangaa, akaniuliza la mgeni gani. Nikamwambia la kichwa hiki. Akacheka, akapima nafasi ya meno kwa kidole changu. Lazima lipigwe msasa vizuri lisibaki na vibanzi, lipakwe mafuta, na lisilazwe ndani ya maji. Ndiyo masharti yake, basi.

Hilo chanuo si langu. Nimemwachia msusi pale saluni, nikamwomba kitu kimoja: yule mtoto akirudi, alitumie hilo, alowe nywele kwanza, aanzie kwenye ncha. Na asimwambie tena kwamba nywele zake ni waya. Msusi aligeuza chanuo mara mbili mkononi, akapitisha dole gumba kwenye meno, akaniambia: "Hili nyanya yangu alikuwa nalo."

Wewe nyumbani kwenu mna kitana gani? Kachukue sasa hivi, pitisha kidole kwenye meno yake. Ukisikia kinakwaruza, fikiria ni vichwa vya nani kimepita wiki hii.